Zamu ya Kumwogesha Moloimet

Rungu lilimpata Nashipai begani, na ashukuru Mungu lilikuwa bega. Lingepanda kidogo tu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi hadi vidoleni, beseni la maji ya moto likapinduka, na baba yake, Mzee Moloimet, akabaki amesimama juu ya kitanda, shuka nusu kiunoni nusu chini, akiporomosha matusi ambayo binti hapaswi kuyasikia kwa mzazi wake.

"Mwizi! Unanivua nguo, mwizi mkubwa wewe! Ng'ombe wangu mmewapeleka wapi?"

"Baba, ni mimi. Ni Nashipai."

"Nashipai ni mtoto mdogo. Wewe ni nani?"

Pigo la pili lilimkosa, likavunja kioo cha dirisha. La tatu lilimpata juu ya jicho, damu ikamwingia machoni, na bado akamng'ang'ania mzee miguuni mpaka akaanguka kitandani na kuanza kulia. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kijiji kizima cha Qurus kimejifunika mablanketi kwa baridi, na yeye alikuwa na nusu saa tu ya kufika kazini. Kila siku iliyoumbwa ilianza hivyo.

Huyu Moloimet alikuwa mfugaji wa Olbalbal, mwanamume aliyeswaga ng'ombe siku mbili kutafuta maji bila kulalamika. Halafu ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Alisahau majina ya ng'ombe, akasahau majina ya watoto, mwisho akasahau kwamba mkono wake una mipaka. Alfajiri ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ndiyo saa ya kutoa mifugo, na kwenye chumba cha kupanga cha Qurus hakuna mifugo ya kutoa. Na alfajiri hiyohiyo ndiyo ilikuwa saa ya kumwogesha. Mzee wa Kimaasai avuliwe shuka na binti yake! Akili ilikuwa imemtoka, lakini aibu ilibaki yote. Nashipai alimwogesha amefumba macho, mkono chini ya shuka, na ndiyo maana hakuwahi kuliona rungu likija, rungu ambalo binti hawezi kumnyang'anya baba yake.

Utaniuliza, kwa nini asimwache kwa kaka yake? Alimwacha. Parsimei, huyo kaka, alimfunga mzee kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya boma, eti asipotee. Nashipai alipokwenda Krismasi kuwasalimu alikuta kamba imekula nyama ya vifundo vya mikono, inzi wametapakaa. Aliokota ukuni akampasua kaka yake mdomo, meno mawili yakaenda, kisha akamfungua baba na kupanda naye gari siku ileile. Kabla ya kupanda alisema mbele ya boma zima: "Hakuna atakayemfunga baba yangu tena nikiwa hai." Kishike kiapo hicho, maana ndicho kilichomtesa hadi mwisho.

Basi asubuhi ile alijifunga kitambaa kichwani, akamwacha mzee kwa mwenye nyumba wake, Mama Cresensia, mjane wa Kiiraqw anayelima maharage na mbaazi. Mama mwenye moyo mkubwa na magoti mabovu. Kukaa mlangoni aliweza, kumzuia Moloimet hakuweza.

Kazi ya Nashipai ilikuwa dobi kwenye lodji moja juu ya Karatu, pale msitu unapoanza. Kuingia saa kumi na mbili asubuhi, kutoka saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameshapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa, na barua ya tatu kila mtu anajua maana yake. Meneja wake, Patrisi, alimkuta anapiga pasi na jicho limevimba.

"Mume?" akauliza.

"Sina mume, bosi. Ni baba."

"Mwanamke wa miaka thelathini na minne unapigwa na baba yako?"

"Anaumwa. Hanijui. Bosi, naomba unibadilishie saa. Niingie saa tatu, nitoke usiku. Kazi ni ileile, mashuka ni yaleyale."

Patrisi akavuta pumzi. Si mtu mbaya Patrisi, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemmaliza kwa sentensi moja. "Mashuka yakianikwa saa tatu hayakauki. Na nikikupa wewe, kesho jikoni wanataka, keshokutwa madereva. Kila mtu ana mgonjwa kwao, Nashipai. Hii ni lodji, siyo wodi."

Akaenda zake. Nashipai alibaki na pasi ya moto mkononi, akatamani ambandike nayo mgongoni. Nakwambia alitamani kabisa.

Aliyemwokoa alikuwa mlinzi. Sairowua alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mlinzi wa usiku, mtu wa maneno machache. Jioni ile Nashipai akitoka getini, yeye ndiyo kwanza anaingia zamu, akamshika kidevu akaligeuzia jicho kwenye mwanga.

"Nani huyu?"

"Baba."

"Baba yako ni rika gani?"

"Makaa."

Sairowua akacheka kifua kizima. "Mimi ni Makaa! Binti, kwa nini unakaa na rika langu nyumbani unanificha?"

Kwa Wamaasai, wanaume walioingia jando msimu mmoja hawana siri. Wa rika lako anaingia kwako bila kubisha, anakula chakula chako, anakutukana, na uchi wako hauoni ajabu, maana mlikuwa uchi pamoja siku ya kisu. Na ukimpiga, anakurudishia, wala hakuna laana. Mtoto hawezi hayo. Mtoto akimwinulia baba mkono, au yeyote wa rika la baba, amejimaliza.

Kesho yake, siku ya mapumziko ya Nashipai, Sairowua alitoka zamu akaenda moja kwa moja Qurus. Moloimet alimpokea kwa pigo la rungu kiunoni. Sairowua akamzaba kofi lililomkalisha chini, puu!

"Makaa! Mimi ni ng'ombe wako?"

Mama Cresensia akapiga yowe, Nashipai akaziba mdomo. Wazee wakakamatana, wakaangushana, meza ikavunjika mguu, Sairowua akatokwa damu puani. Kisha, katikati ya vumbi, Moloimet akaanza kucheka. Mwaka mzima alikuwa hajacheka. Akavuliwa shuka, akasuguliwa mgongo kwa sabuni ya mche, huku akimtukana mwenzake taratibu kabisa kama watu wanaopiga soga.

Nashipai alirudi kwa Patrisi na mpango mwingine. Sairowua abaki zamu ya usiku moja kwa moja, akitoka asubuhi amwogeshe mzee, azunguke naye na ng'ombe wawili wa Mama Cresensia hadi saa tatu, kisha alale palepale. Yeye Nashipai aingie saa kumi na mbili kama kawaida, asichukue mapumziko, atoke saa nane mchana. Patrisi akakuna kichwa. "Mashuka yatakauka?" "Yatakauka." "Haya. Lakini hili ni letu mimi na wewe, siandiki popote."

Miezi mitatu ilipita. Jicho likapona, kioo kikabadilishwa. Kila asubuhi wazee wale walichapana kidogo, wakaogeshana, wakachunga. Majirani walizoea mpaka wakawa wanatoka kuangalia. Nashipai alianza kulala usingizi wa kweli, akanenepa mashavu.

Julai ikaingia, wageni wakajaa, na kutoka makao makuu Arusha likaja agizo kwamba walinzi wazungushwe. Hakuna kukaa usiku daima. Ratiba mpya ikatumwa kwenye kundi la simu Jumapili mchana: Sairowua mchana, Meitamei, yule mlinzi mpya, usiku. Nashipai alikimbilia ofisini.

"Tulia," Patrisi akamwambia, tena kwa tabasamu la mtu aliyeleta zawadi. "Nimekufikiria. Nimeongea na Meitamei, atamwangalia mzee akitoka zamu. Ni Mmaasai kama nyie, halafu ana nguvu kuliko yule babu."

"Meitamei hawezi, bosi."

"Kwa nini hawezi?"

Hapo ndipo. Angesema tu! Angesema: huyo ni kijana wa rika la kaka yangu, kwa baba yangu huyo ni mtoto, na mtoto hamvui mzazi nguo. Lakini amwelezeje mwanamume mgeni habari za uchi wa baba yake, mhasibu akiwa amekaa pembeni anasikiliza? Ulimi ulimgoma. Patrisi akangoja, akachoka. "Unataka nikuchagulie na rangi ya shuka? Ratiba ni hiyo. Hutaki, tunarudi kwenye saa kumi na moja jioni."

Nashipai akanyamaza. Mpaka leo anasema hakuna kitu anachojutia kama ule unyamavu.

Na Meitamei mwenyewe? Alijua vizuri kabisa. Lakini alikuwa na miaka ishirini na sita, mwezi wa pili wa majaribio, na mke huko Piyaya aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Meneja akikuomba jambo ukiwa kwenye majaribio, hilo si ombi. Nashipai alimvizia njiani Jumatatu asubuhi, akamwambia macho yakiwa chini: "Usimwogeshe. Tembea naye tu na ng'ombe. Nikirudi saa nane nitamwogesha mwenyewe."

"Sawa, dada. Nitatembea naye."

Alipofika aliinamisha kichwa, kama kijana anavyomwamkia mzee, na Moloimet akaweka kiganja juu ya nywele zake, akamwitikia vizuri tu. Mama Cresensia anasema alifurahi, akaingia ndani kuchemsha chai. Mambo yangeishia hapo kama tumbo la mzee lisingemwendea vibaya. Lakini alichafuka, shuka ikalowa mpaka miguuni, baridi ikawa kali, akaanza kutetemeka. Mama Cresensia, ambaye hakuwa anajua lolote, akatoka na beseni.

"Mwanangu, huyu atapata homa ya mapafu. Wewe ni mwanamume, mvue umwogeshe. Mbona yule mzee alikuwa anamwogesha?"

Meitamei akasitasita. Akaangalia njia, hakuna mtu. Mzee akazidi kutetemeka, meno yanagongana. Huruma ilimshinda yule kijana, basi. Akapiga magoti, akafungua fundo la shuka.

Rungu lilimshukia sikioni. Mama Cresensia alisikia mlio akadhani ni kuni inapasuliwa. Akamkuta kijana amekaa chini, damu inachuruzika shingoni, na Moloimet uchi juu yake, mrefu, anatisha, anauliza: "Wewe ni mtoto wa nani? Nani amekutuma univue?" Meitamei hakukimbia. Alikuwa na sime kiunoni na mikono ya kuvunja fahali, ila hakuinua hata kidole. Alifanya kitu kimoja tu alichofundishwa tangu ajue kutembea: aliinamisha kichwa. Alidhani mzee akikiona kile kichwa atakumbuka kwamba huyu ni mtoto wake, ataweka kiganja.

Rungu likatua palepale.

Akainua tena kichwa, akainamisha tena. Likatua. Kisha mzee akawa anamzunguka, rungu mkononi, akiuliza ng'ombe wake wako wapi, na Mama Cresensia alikuwa anapiga mayowe na kupiga simu kwa pamoja. Simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye sanduku wakati wa kazi, kwa hiyo alipiga ya getini, ikapokelewa na Sairowua. Mzee yule aliacha geti wazi, akaacha na gari la wageni linalopiga honi, akakimbilia dobi kumchukua Nashipai, wakarukia bodaboda ya kwanza waliyoikuta.

Nashipai alifika mbele. Nitakwambia alichokiona, na ukitaka ruka. Meitamei alikuwa amelala ubavu kwenye tope la maji ya kuogea na damu, jicho moja halipo mahali pake, midomo inatembea. Alikuwa bado anajaribu kuinamisha kichwa. Na baba yake ameshika rungu kwa mikono miwili, ameliinua juu kabisa, anajipanga kama mtu anayemaliza nyoka.

"Baba!"

Hakusikia. Sairowua alikuwa nyuma, anahema, hatua ishirini bado. Mchi wa Mama Cresensia ulikuwa umesimama kwenye kinu. Nashipai akaushika. Alijua anachokwenda kufanya, na alijua hakuna mwenye akili timamu kwao atakayemsamehe. Akapiga.

Mfupa wa mkono wa mzee ulilia. Rungu likaanguka. Moloimet akautazama mkono unaoning'inia, akautazama mchi, akapanda na macho mpaka usoni kwa mwanamke aliyeushika. Na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu, akamtambua.

"Nashipai," akasema. "Umenipiga."

"Ndiyo, Baba."

Akakaa chini matopeni, akalia. Ukiniuliza mimi, yule mwanamke asubuhi ile alipigwa kuliko wote.

Meitamei walimpeleka hospitali kubwa ya Moshi. Uhai ulibaki, jicho halikubaki, na maneno yalikuwa hayajarudi. Sairowua alifukuzwa kazi mchana huohuo kwa kuacha geti. Polisi walikuja hospitali ya Karatu, wakamkuta Moloimet amelazwa, mkono kwenye plasta, anahesabu mbuzi darini, wakaandika, wakasema watarudi. Jioni muuguzi akaja na bandeji mbili nene.

"Dada, inabidi tumfunge kitandani. Wodi ina wagonjwa thelathini, sisi tuko wawili."

Nashipai akaangalia vifundo vya baba yake, makovu ya kamba ya Parsimei bado yanang'aa. Akakumbuka Meitamei. Alichukua bandeji moja, akafunga kwenye mkono mzima wa baba yake, pasipo kubana. Ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Nimemfunga," akamwambia muuguzi. "Akiinuka, nainuka."

Patrisi alikuja jua likizama, tai imelegea, mkononi bahasha. Akavuta kiti. Alimwangalia mzee, akaiangalia bandeji, akashindwa pa kuyaweka macho.

"Nimekupatia yote uliyoomba," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa maandishi safari hii. Saa unazotaka, likizo ya kuuguza, na nimewaambia Arusha bila hivyo naacha kazi. Weka sahihi tu."

Nashipai akaisoma polepole. Kweli, kila kitu kilikuwamo. Saa tatu asubuhi. Saa nane mchana. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: kwamba Meitamei aliumia nje ya kazi, kwa shughuli zake binafsi.

"Hapa si kweli," akasema.

"Hapo pametoka juu. Bila hapo, hawakubali huko kwingine."

"Ulimtuma wewe. Uliniambia mwenyewe, mhasibu anasikia."

"Nashipai, nilitaka kukusaidia!" Sauti ikampasuka, wagonjwa wakageuka. "Mungu ni shahidi yangu. Ungeniambia! Kwa nini hukuniambia?"

"Ndiyo. Nilinyamaza. Andika na hilo, nitaweka sahihi: alikuwa kazini, meneja alimtuma, na Nashipai alijua akanyamaza. Yule kijana ana mtoto wa wiki mbili, Bosi Patrisi. Atamwona kwa jicho moja. Nikisaini huu uongo nitakuwa nimempiga mimi mara ya nne."

Patrisi akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaondoka nayo. Kesho saa kumi na mbili ilikuwa zamu ya Nashipai, na wote wawili walijua barua ya tatu itafuata.

Alisinzia amekaa. Alfajiri, ile saa mbaya, bandeji ilimvuta mkono.

Moloimet alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika bandeji, anaifuata polepole kwa macho aone mwisho wake kuna nini. Akamwona mtu. Hakutukana. Akapiga ulimi, nde nde, kama mchungaji anavyomhimiza ng'ombe aliyechelewa zizini, akasimama na kuvuta. Nashipai akainuka. Wakapita katikati ya vitanda, mzee mbele, binti nyuma, wakatoka mpaka uani kwenye nyasi zenye umande, ambako juu ya msitu ukungu ulikuwa unaanza kupasuka.

Hapo akageuka ghafla. Akamtazama Nashipai kwa macho mekundu, akauinua mkono wa plasta juu, mzito, mweupe, mgumu kama rungu lenyewe. Muuguzi aliyekuwa dirishani akapiga kelele. Nashipai angeweza kuruka nyuma. Bandeji ilikuwa ndefu ya kutosha. Bega lile la zamani likaanza kuuma hata kabla ya pigo.

Akainamisha kichwa.

Alingoja. Alisikia magari ya wageni yakipanda kuelekea kreta, akajua imetimia saa kumi na mbili. Kisha vidole vilivyochomoza kwenye plasta vikamgusa utosini, vya baridi, vikatulia pale.

"Takwenya," mzee akasema, kama anavyoamkiwa mtoto wa kike.

"Iko," Nashipai akaitikia, na hakuinua kichwa mpaka baba yake alipoondoa mkono mwenyewe.